Aliyekupikia Uji

Nyumbani, Jumapili mchana

Mwende,

Umeenda kusukwa, na vile namjua msusi wako, atamaliza kwanza habari za soko lote ndipo akumbuke kichwa chako. Kwa hivyo nina mchana mzima. Sanduku lako liko tayari mlangoni na cherehani nimeifunika. Sare za watu zitangoja.

Sitakuandikia habari za kufua soksi wala za kujifunika vizuri. Kwamba Kitale kuna baridi umeambiwa na kila mtu aliyepita hapa wiki hii, hata wale ambao hawajawahi kufika. Kadi ya sindano iko kwenye mfuko wa ndani wa begi. Tarehe unazijua kuliko mimi, umedungwa kila wiki nne tangu ukiwa na miaka tisa. Hayo tuyaache.

Nataka kukuambia jambo nililokuficha. Nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu wiki hii, na kila mara nikajikuta nakugombeza kuhusu vyombo. Watu husema mimi ni mkali. Ukweli ni kwamba mimi ni mwoga, na nimekuwa mwoga miaka mingi. Jambo lenyewe ni kuhusu shangazi yako Mbithe. Usiikunje hii karatasi. Soma mpaka mwisho, halafu unichukie ukitaka.

Unakumbuka mazishi ya babu yako, mwaka juzi. Mbithe alikuja kutoka Masinga peke yake, kwa sababu aliyekuwa anazikwa ni baba yake na hakuna mtu angethubutu kumzuia. Alikuja mpaka pale ulipokuwa umesimama na wasichana wenzako, akanyoosha mkono. Ulimpa ncha za vidole. Kisha ukajipangusa kwenye sketi, sketi niliyoishona mimi, na yeye bado amesimama pale anakutazama. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Huyo mtoto amefunzwa." Alikuwa anakusifu. Niliona aibu, maana ni kweli ulifunzwa, na mwalimu wako nilikuwa mimi.

Sasa nikurudishe nyuma.

Mbithe alikuwa ameachika kwa sababu hakupata mtoto. Babu yako akampa kile chumba cha karibu na ghala. Alfajiri alikaanga mandazi, mchana akayauza sokoni, na jioni alirudi akinukia iliki na wewe unamkimbilia kabla hujanisalimia mimi. Hilo liliniuma, Mwende. Mimi niliyekuzaa kwa uchungu wa siku mbili nilikuwa nyumbani siku nzima nikikanyaga cherehani, na wewe unamrukia mtu wa mandazi. Sikuwahi kulisema. Nililiweka tu.

Mvua zilipoanza ukaumwa koo. Ulikuwa na joto kali na ukimeza mate unafumba macho. Mbithe alikusimamisha kwenye mwanga wa mlango, akakufungua mdomo, akachungulia.

"Mama Mwende, hii koo iko na usaha. Iko na vitu nyeupe nyeupe. Mpeleke dispensari apewe dawa."

"Ni kimeo tu," nikamwambia.

"Si kimeo. Kimeo haiwezi leta joto hivi."

"Wewe umelea watoto wangapi?"

Alikuachilia kidevu. Nilijua pa kupiga na nikapiga hapo hapo, na nilijisikia vizuri sana.

Kesho yake nikakupeleka kwa yule mzee wa ng'ambo ya mto akukate kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Alikuwa ameshakata vya nusu ya watu wa lokesheni yetu, changu kikiwemo. Mama yangu alinipeleka nikiwa mdogo na nilikichukulia kama kutogwa masikio. Kichwa chako nilikishika mwenyewe katikati ya magoti yangu. Ulitema damu kwenye majivu, ukanitazama, na mpaka leo sijui ulikuwa unaniuliza nini. Dispensari ilikuwa karibu kuliko kwa yule mzee. Nilipita mlangoni pake nimekushika mkono.

Aliyekuuguza ni Mbithe. Alikupikia uji wa wimbi, akauchuja usikukwaruze, akaupoza, akakulisha kwa kijiko kidogo siku nne mfululizo. Mimi nilikuwa na oda ya sare.

Ukapona. Ulipona mwenyewe tu, kama magonjwa mengi ya koo yanavyojiponea, na mimi nikatembea kijiji kizima nikijisifu. Baada ya wiki tatu goti lako la kushoto likavimba. Siku mbili tatu goti likatulia, kifundo cha mguu wa kulia kikavimba. Kikatulia, ukaja mkono. Nilikuwa sijaona ugonjwa unaotembea namna hiyo, unapiga hodi kiungo hiki na kuhamia kile. Nilikuchua na mafuta na nikangoja upite. Ukapita.

Halafu, miezi michache baadaye, mikono yako ikaanza kucheza. Kikombe kilikuponyoka. Mwandiko ukaharibika, mwalimu akakuadhibu kwa uvivu. Uso wako ukawa unajikunja na kujikunjua bila wewe kutaka, na usiku ukilala unatulia kabisa. Jirani mmoja akaja kuazima chumvi, akakutazama kwa muda, akaniambia polepole:

"Mtoto hawezi cheza hivyo bure. Nani alikuwa anamlisha?"

Hakutaja jina. Kwetu swali hilo likiulizwa huwa jibu limeshakaa mezani. Mara moja nikauona ule uji. Nikaona kijiko kidogo. Nikaona mwanamke asiye na mtoto anayempenda wangu kupita kiasi, na kila kitu alichowahi kukutendea kikageuka kikawa ushahidi. Sikwenda kwa mganga, sikuhitaji. Nilikuwa nimeshaamua kabla jirani hajafika kwake na chumvi.

Nilimkuta anakanda unga wa mandazi. Nikalichukua karai nikalimwaga uani, nikamwita muoi. Mchawi. Nililisema kwa Kikamba, kwa sauti, majirani wakiwa wamejipanga kwenye ua. Baba yako alisimama pale na kamba ya ng'ombe mkononi, dada yake wa tumbo moja anaitwa muoi, na hakufungua mdomo. Mbithe aliniangalia tu na mikono yake ikiwa na unga mpaka kwenye viwiko.

Hakuna aliyemgusa. Watu waliacha tu kula kutoka mikononi mwake. Siku ya kwanza alirudi na mandazi yote. Ya pili pia. Ya tatu akawapa kuku, na hata jirani mwenye kuku hao akaja kuwafukuza wasile. Mwisho wa mwezi akafunga vitu vyake kwenye shuka kwenda Masinga, ambako rafiki yake alikuwa na shamba karibu na bwawa. Alipofika langoni akageuka. Nilidhani atanilaani, nikakuficha nyuma ya leso yangu.

"Mpeleke hospitali tu," akasema. "Hata kama ni mimi nimemroga, mpeleke."

Sikukupeleka. Aliyekupeleka ni mwalimu wako, ulipokaa chini katikati ya uwanja ukitafuta pumzi na midomo imekuwa ya kijivu.

Nilipowafuata Machakos mjini, daktari alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vya raba. Aliweka kile chombo chake kifuani mwako akasikiliza muda mrefu, kisha akaniuliza kama uliwahi kuumwa koo. Nikasema watoto wote huumwa koo. Akageuza fomu akachora moyo nyuma yake, akanieleza, na sijawahi kukuelezea wewe sawasawa, kwa hivyo acha nijaribu.

Alisema mwili una askari wa namna mbili. Wa kwanza wanakaa langoni. Hao hawaulizi jina, wanachokiona kigeni wanakimeza. Wa pili wanachelewa, wanaweza kuchukua wiki nzima, kwa sababu wao hujifunza. Wanamkagua adui nguo yake, wanashika alama yake, halafu wanatengeneza silaha ya kumtosha yeye peke yake. Silaha hiyo inaitwa kingamwili. Vita vikiisha wengi wao hufa, lakini wachache hubaki na ile alama kichwani miaka na miaka, ili siku adui akirudi asipate hata pa kukaa. Chanjo zote ulizodungwa utotoni zinafanya kazi kwa njia hiyo, zinawaonyesha askari nguo kabla mwenyewe hajaja.

Sasa yule mdudu wa kooni mwako, alisema, nguo yake ina sehemu inayofanana na nyama ya milango ya moyo, ile inayopitisha damu. Inafanana pia na viungo, na hata na sehemu fulani ya ubongo. Dawa ya dispensari ingemmaliza mapema, pengine kabla askari hawajaishika alama yake. Haikutolewa. Wakajifunza, wakampiga, wakamshinda. Kisha wakageuka wakaona nguo ile ile kwenye magoti yako, na kwenye ubongo unaoongoza mikono, na moyoni. Adui alikuwa ameshaondoka zamani, Mwende. Waliokuwa wanakupiga ni wako.

Nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Nilielewa nilipoketi tena kwenye cherehani. Unakumbuka ule mwaka nilishona sweta za shule mbili, ya juu na ya chini, zote za samawati ila ya juu imekoza kidogo. Uzi wa shule ya chini uliniishia nikamalizia na wa shule ya juu. Nikasema nani ataona? Kumbe shule hizo zilikuwa zimepigana kwenye mpira, na askari wa lango la shule ya chini ameambiwa asiruhusu hata mtoto mmoja wa juu. Jumatatu asubuhi akafukuza watoto wa shule yake mwenyewe na rungu, wale niliowashonea mimi. Msichana mmoja akaanguka mtaroni akavunjika mkono. Mzazi wake alikuja hapa kunitukana, na nilimwambia kwamba askari yule alikuwa mlevi. Hakuwa mlevi. Alikuwa mtu mwangalifu sana, aliyeifanya kazi yake kama alivyofunzwa.

Daktari aliniuliza swali moja la mwisho.

"Hakuna mtu alikuambia umlete mapema?"

"Hakuna," nikasema.

Huo ni uongo wangu wa kwanza. Wa pili ndio mbaya zaidi. Ulikuwa na miaka kumi na moja, tumetoka kudungwa sindano, unachechemea. Ukaniuliza kwa nini Aunty Mbithe alienda na haji. Nilikuwa nimeshajua kila kitu, miaka miwili nimejua, yule daktari amenichorea mpaka na mishale. Nikakuambia, "Yeye ndiye alikuharibu moyo. Usiwahi kula kitu chake." Nilikuambia hivyo nikijua. Kama si Mbithe basi ilikuwa mimi, na magoti yangu, na ule mlango wa dispensari niliopita. Nikamtoa yeye badala yangu.

Na wewe ukajifunza haraka, kama unavyojifunza kila kitu. Ulipojipangusa mkono pale mazishini ulikuwa unailinda roho yako dhidi ya mtu wa kwanza aliyetaka upone.

Mwezi uliopita nilikuambia naenda mjini kununua vitambaa. Nilienda Masinga. Barua yako ya chuo ilikuwa imefika, na niliona unaondoka na uongo wangu, unaupeleka Kitale, kesho unamfundisha mtoto wako. Mbithe ana mbuzi sita na shamba la njugu, na nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja. Hakushangaa kuniona. Alinipa kiti, akaweka chai. Nikamwambia yote, nikapiga magoti, nikalia mpaka kamasi.

Alinisikiliza akimenya njugu.

"Umekuja kuniambia mimi sikuroga," akasema. "Hiyo nilikuwa najua. Umeambia nani mwingine?"

Nikafuta kamasi kwa leso. Akasukuma kikombe karibu yangu.

"Kunywa, inapoa."

Mwende, nilinyoosha mkono na mkono ukakataa. Nilikuwa nimetoka kumwambia hana kosa. Nilikuwa najua kuhusu mdudu, na milango ya moyo, na kila kitu, ningeweza kumchorea. Lakini vidole vilifika kwenye sikio la kikombe vikasimama. Mwili wangu ulikuwa umeshajifunza sura yake na haukutaka habari mpya. Mbithe aliona. Alikichukua kile kikombe changu, akanywa mara mbili, polepole, kama unavyomwonjea mtoto anayeogopa dawa, akakirudisha mbele yangu.

"Nimekunywa mimi. Umeona?"

Hata hapo sikuweza. Akakimwaga nje bila hasira, na tukakaa. Nimeaibishwa mara nyingi maishani na mara nyingi nilistahili, lakini sijawahi kuaibika kama siku ile, na hakuna mtu aliyenipandishia sauti.

Daktari aliwahi kuniambia hakuna dawa ya kuwasahaulisha wale askari. Sindano yako haiwafuti. Kazi yake ni kuzuia yule mdudu asirudi kuwaamsha, kwa sababu wakiamka watarudi pale pale moyoni. Siku ile nilichukia kusikia hivyo. Nilitaka kitu cha kufuta.

Nilipoinuka kuondoka Mbithe akaniuliza kama bado unadungwa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama unachelewesha. Nikasema mara mbili mwaka jana. Akatikisa kichwa akasikitika kama alivyokuwa akisikitika zamani, ukikataa kumaliza chakula. Akajaza njugu alizozikaanga asubuhi ile kwenye kopo tupu la siagi.

"Za safari ya Mwende," akasema. "Kama utazitupa, tupia hapa hapa nikiona. Usinibebee halafu utupe njiani."

Sikuzitupa. Zimekaa wiki tatu juu ya kabati, na kila siku nimezipita.

Baba yako nimemwambia juzi. Alisema, "Nilikuwa najua," akaenda kukamua ng'ombe. Fikiria nilivyolala usiku huo. Majirani sijawaambia. Najua unafikiri nitasema kwamba Jumapili ijayo nitasimama kanisani. Sijui kama nitasimama. Leo asubuhi nilikuwa kanisani na nilikaa chini vizuri sana. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye unayeondoka, na kwa sababu karatasi haiwezi kunikatiza.

Sina ushauri wa maana wa kukupa. Huko uendako utakuta mtu ambaye wote wameshakubaliana ni mbaya. Sikuambii umpende. Chunguza tu aliyeanza kusema hivyo alikuwa anaogopa nini. Na mtu akikuambia ukweli kuhusu koo la mtoto wako, usimuulize amelea wangapi.

Kopo liko chini kabisa ya sanduku, limeviringwa kwenye sweta ya kijani. Namba ya Mbithe nimeiandika nyuma ya kadi ya sindano, ili uione kila baada ya wiki nne hata kama hutaki. Sikuamuru umpigie. Nilishakuamuru vya kutosha kuhusu mtu huyo. Zile njugu pia ni zako, ule, ugawe, utupe, na ukizitupa usiniambie.

Ukilifungua kopo utaona halijajaa mpaka juu. Usidhani shangazi yako alikupunja. Ulipotoka leo kwenda kusukwa nililiteremsha nikazionja, tatu. Mbili nilizitema. Ya tatu niliimeza.

Mamako